Kumuse Bila Maiti

Masinde alikuwa msemaji wa matanga. Mzee wa Kibukusu akizikwa, siku ya tatu watu walimwita. Alivaa ngozi ya mbega, akashika fimbo, akatembea huku na huku kati ya watu walioketi, akisimulia ukoo ulikotoka, vita vyake, njaa zake, na yanayokuja. Maneno hayo huitwa kumuse. Hayasemwi harusini, wala hayasemwi kwa kujifurahisha. Pasipo maiti, hujitafutia maiti.

Mkewe, Beldina Nabwire, alilijua katazo hilo kuliko alivyozijua sala za kanisani. Baada ya uhuru walihamia Lugari, wakapata shamba la mahindi kwenye ardhi iliyokuwa ya Mzungu. Udongo ulikuwa mzuri, lakini majirani walikuwa wa kila kabila, na wazee wa kusemewa kumuse walibaki mbali. Mwana wao wa pekee, Barasa, alikuwa karani Kakamega mjini. Ile fimbo aliionea haya.

Ndipo akaja Onesmus, mwalimu wa Lurambi aliyetumwa na maktaba ya chuo kikuu, Nairobi. Aliweka kinasa sauti mezani.

"Kuka," alimwambia Masinde, kwa heshima ya mjukuu kwa babu, "rafu zetu za historia zimejaa walichoandika wageni juu yetu. Ukoo wako haumo."

"Nani amekufa?" Nabwire aliuliza toka mlangoni.

"Hakuna, kukhu," akajibu, akimwita kama mjukuu amwitavyo bibi yake. "Ni kunasa sauti tu."

"Basi tafuta aliyekufa kwanza. Watu wanakufanga kila siku, hutakosa."

Masinde alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kikohozi hicho kilimwingia tangu mvua zianze. Mgeni alipotoka, akamwambia mkewe, "Maiti yupo. Ni mimi. Nikifa sijasema, mtazika wawili, mimi na maneno."

"Unakiita kifo?"

"Kwangu kinapajua. Nakiwekea kiti tu."

Jumamosi majirani walikusanyika. Masinde aliwaambia wazi kwamba hayo yalikuwa matanga yake mwenyewe.

"Na ng'ombe yuko wapi, mzee?" Cleophas, jirani Mmaragoli, alitania. "Matanga gani hayana nyama?"

Walicheka. Masinde alipoanza kutembea, kicheko kilikatika. Upepo ulitulia mahindini. Aliwataja waliokufa mmoja mmoja, na kila jina lilipotua, watu walijikunyata kana kwamba mtu amepita katikati yao. Alipomaliza, jasho lilikuwa limelowanisha ile ngozi.

Onesmus akarudisha utepe mwanzo ili wasikie. Ukatoa mvumo mtupu, kama mvua ya mbali. Ili kunasa, ilihitajika kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Yeye alibonyeza kimoja.

"Kuka, nisamehe. Tunaweza kurudia?"

Jescah, mke wa Barasa, alimnyanyua mtoto wake, akaondoka bila kuaga. Cleophas akachukua kofia yake.

"Kumuse la kwanza nimejipa mwenyewe," Masinde akasema polepole. "La pili nimpe nani?"

Nabwire alimtazama usoni. Hakuona woga wa kufa. Aliona uso wa mtu aliyetoa mbuzi wake wa mwisho, akarudi nyumbani mikono mitupu. Alikuwa amepinga jambo hili tangu mwanzo, na hata sasa alilipinga. Lakini alivuta kigoda, akakiweka katikati ya uwanja, akaketi.

"Sema."

"Nabwire!"

"Usiniite. Maiti haitiki. Sema."

Akasema. Alipofika kwenye ukoo wa kina Nabwire aliegemea fimbo, kisha akaendelea. Safari hii utepe ulishika kila neno, hata kikohozi.

Masinde alikufa mahindi yakitoa mbelewele. Siku ya tatu watu walingoja, wasijue nani angesimama. "Yamekwisha semwa," Nabwire akawaambia. "Yako Nairobi." Walikula, wakaondoka mapema. Tangu hapo walimsalimia kwa mbali. Mtoni, wanawake walimpisha zaidi ya ilivyohitajika. Mjukuu akikimbilia mapajani pake, Jescah alimwita upesi. Barasa alisema huo ni ushirikina, lakini kila alipokuja kutoka mjini alimkagua mama yake kucha na macho, kama anayekagua ng'ombe mgonjwa.

Mwaka ukaisha. Nabwire alikuwa bado hai, na kuwa hai huko hakukumpa raha.

Onesmus alirudi na habari njema. Utepe umewekwa maktabani, na wanafunzi wanausikiliza.

"Wanausikiliza mara ngapi?"

"Kila watakapo, kukhu. Juzi waliujaza ukumbi."

Nabwire aligeuka, akakitazama kile kigoda.

"Na siku hizo," akauliza, "kigodani huketi nani?"

Nabwire alimfungia Onesmus viazi vitamu vya njiani, akamsindikiza hadi barabarani, akamshika mkono asiuachie, kama mama anayemuaga mwanawe aendaye vitani.