Piki Iko ya Patron

Juzi nilipanda pikipiki ya abiria ng'ambo ya mto, pale Lubunga, pirogi, yaani mitumbwi, zinapotia nanga. Katikati yangu na dereva alikaa mama mjamzito, beseni la samaki mapajani. Dereva alishika simu kwa mkono wa kushoto, mkono wa klachi, na kila alipobadili gia alikanyaga tu kwa mguu bila kupunguza mafuta. Pikipiki ikagutuka, samaki wakaruka, paji langu la uso likagonga kisogo cha mama.

"Papa, kamata ambreyage," mama alimwambia dereva, akimaanisha klachi.

"Vitesi inaingiaka yenyewe, mama," dereva alijibu, akikanyaga gia nyingine.

"Utaharibu hii piki."

Akacheka, macho kwenye simu. "Piki si yangu. Iko ya patron," akasema, yaani tajiri wake mwenye pikipiki.

Mama akamgonga begani kwa kidole, taratibu. "Na hii tumbo, nayo iko ya patron?"

Simu ikaingia mfukoni. Mimi hasira haijaniisha. Barabara imebomoka, tunasema ni ya serikali. Benchi la zahanati limevunjika, tunasema ni la serikali. Tunakanyaga tu, gia zinalia. Na patron mwenyewe wa ile piki, nilimuuliza dereva, anatembea kwa gari.