Dakika Niliyoiandika Mie

Saa tano na dakika tano asubuhi. Dakika hiyo niliitunga mie.

Nilikuwa mkunga hapa Maskati, na jirani yangu wa mtaa wa Darsait, mwanamke wa Kibaniani, alijifungulia mikononi mwangu. Kiswahili chake cha kwetu kabisa, maana mama yake kazaliwa Unguja. Uchungu umemkaba, bado ananing'ang'ania mkono: "Dada, mtoto akitoka tu, nitazamie saa. Dakika yenyewe khasa." Nikamwambia sawa, wewe sukuma.

Mtoto akatoka kimya. Nikamsugua mgongo, nikamsafisha pua na mdomo. Saa nani aitazame? Alipolia nikamshukuru Mungu, nikamgeukia mama mtu. Baadaye, fomu iko mkononi, nikakisia. Nikaandika, nikatia saini, nikaenda kunywa chai.

Dakika ile ikapelekwa kwa mnajimu wao, akampigia mtoto nyota zake zote. Nami nikanyamaza. Jikoni kwa jirani yangu ipo kalenda inayoonyesha kila siku saa gani njema na saa gani haianzwi jambo: si safari, si kufungua duka. Nikimtania: "Kalenda yenu hii, hata kupika inakuruhusu?" Akicheka. Moyoni nikijitetea kuwa mambo ya nyota mie siyaamini, dini yangu hainiruhusu. Unafiki tu. Bibi yangu mwenyewe hakuoza binti bila ya kwenda kwa mwalimu kupiga falaki.

Mwaka huu, yule mtoto keshakuwa binti mkubwa, mwalimu wa skuli, mama yake akaniita. Nimemkuta jikoni, fomu ile ile kaitandaza mezani.

"Tumepata mnajimu mwengine," akasema. "Yule wa kwanza alisema nyota ya Mirihi imemkalia vibaya, mume atakayemchukua atapata balaa. Huyu anasema kama alizaliwa dakika kumi baadaye, hana nuksi hiyo. Dada, siku ile saa uliitazama vizuri?"

Ningeweza kusema ndiyo. Miaka yote nimeishi kwa ndiyo hiyo. Lakini alikuwa ananitazama kwa imani, na nikaona haya, haya ya kweli, mpaka masikio yakaniwaka moto.

"Sikuitazama," nikasema. "Nilikisia. Nisamehe."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Aliikunja fomu taratibu, pale pale ilipokunjwa zamani.

"Alikuwapo kijana," akasema. "Wamependana miaka mitatu. Sisi tukakataa, kwa ajili ya Mirihi. Mwezi uliopita kaoa."

Machozi yakaanza kumtoka, na wakati huo huo mlango wa mbele ukafunguliwa. Binti karudi kazini. Akaingia jikoni na mkoba wake begani, akanibusu mkono. Ananiita khaloo, mama mdogo, tangu hajajua kutembea.

"Khaloo, mama analia nini?"

Mama yake akajifuta macho kwa ncha ya sari. Akanigeukia mie, akangoja.