Mukonyo Alipofua Kitabu

Doa la kumshinda Mukonyo lilikuwa bado halijazaliwa. Wino, damu, mafuta ya gari, kutu ya waya wa kuanikia, kila moja alilijua kwa tabia yake na akalitoa bila kuumiza nguo. Miaka kumi na tisa alikuwa akitoka mtaa wao wa Landless asubuhi kwa miguu kwenda Section 9, mtaa wa wenye uwezo, kufulia watu, na wenye nyumba walimgombania. Ulimi wake nao haukuwa na sabuni. Akikuta shati limechafuliwa kizembe, alimwuliza mwenyewe usoni, "Hili ulilivaa ama ulilipigia deki?"

Shule aliishia darasa la nane, huko kwao Matuu. Kitu kimoja alichotoka nacho ni mwandiko. Mwalimu wao alikuwa akikagua kucha, kola na madaftari kila Ijumaa. Daftari lenye doa lilirushwa nje ya dirisha, na mwenyewe akalifuata akiwa ameshachapwa. La Mukonyo halikuwahi kurushwa. Liliinuliwa juu, darasa zima likaonyeshwa na kuambiwa, "Mwandiko ni huu." Hilo ndilo neno zuri la kwanza alilowahi kuambiwa na mtu mzima, na mtu halisahau neno la namna hiyo hata akizeeka.

Kwa hivyo Ndila, mtoto wake wa pekee, alipoitwa kusomea uuguzi katika chuo kimoja cha Ruiru, Mukonyo aliijua kazi yake. Mtoto asome. Yeye ahakikishe mtoto haaibiki.

Siku ya kwanza ya somo la kemia Ndila alirudi na karatasi mbili zilizobanwa pini.

"Ni za Mwalimu Wamalwa," alisema. "Ameandika kila kitu anachotarajia kutoka kwetu. Anasema asiyeipita kemia yake hatamgusa mgonjwa."

"Ana mdomo huyo. Hebu soma."

Ndila alisoma akitafsiri, lakini alichagua yale tu aliyoona yanamhusu mama. Koti jeupe la mikono mirefu, liwe safi kila wiki. Viatu vya kufunika vidole. Nywele zifungwe. Miwani ya kukinga macho. Dawa zisichanganywe ovyo.

"Hilo hata mimi ningewafundisha," Mukonyo alidakia. "Nilichanganya Jik ya kutoa madoa na dawa ya choo, nikakohoa wiki mbili. Endelea."

"Halafu kuna kitabu cha maabara. Kila jaribio tunaliandika humo. Kitakaguliwa mwisho wa muhula, na asiye nacho hafanyi mtihani."

"Na hapa chini? Naona maneno mengi."

"Hayo ni yangu, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Usijali." Akazikunja karatasi, akazirudisha kwenye begi.

Muhula ukaenda. Kila Ijumaa Ndila alirudi na koti lake limerukiwa na dawa fulani ya maabara, ya zambarau, ambayo ikikauka inageuka kahawia kama kutu. Kila Jumamosi Mukonyo alilipaka limau, akaliacha kidogo, akasugua, na doa likaaga dunia.

"Unajua hiyo ni kemia unafanya?" Ndila alimwambia siku moja. "Limau ni asidi."

"Iite unavyotaka, bora doa litoke. Shika huko."

Walikuwa wakilikamua pamoja, huyu ameshika mabega, yule pindo, wakilisokota kama kamba mpaka wakutane katikati wakicheka. Kama Mukonyo aliwahi kuwa tajiri, ni Jumamosi hizo.

Wiki moja kabla ya mtihani, Ndila alikuwa Juja tangu Ijumaa akidurusu na mwenzake Emmah. Kitabu cha maabara alikiacha mezani. Kazi zote nane zilikuwa zimekwisha, na Jumatatu kingepelekwa kukaguliwa. Jumamosi asubuhi Mukonyo alikiinua ili apanguse meza, kikafunguka mikononi mwake.

Alikaa chini. Namba zilikuwa zimekatwa mstari na nyingine kuandikwa juu yake. Ukurasa mmoja ulikuwa na duara la kitako cha chupa, mwingine una matone ya kahawia kama kidonda kilichokauka. Mwandiko ulikimbia kama kuku aliyeona mwewe.

"Mungu wangu," akasema. "Na hiki ndicho kitakaguliwa!"

Alituma habari Section 9 kwamba anaumwa. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa miaka kumi na tisa. Akanunua daftari jipya la jalada gumu, akatoa stuli nje, akaanza na rula na kalamu. Kiingereza alikijua cha kubahatisha, na zile herufi za kemia zenye vijinamba miguuni hakuzijua kabisa. Alizichora tu, moja moja, kama anayefuma kitambaa cha kochi.

Kulthum, jirani wa mlango wa pili, alimwona kutoka kwenye karai lake la viazi. "Mama Ndila! Leo unafua karatasi?"

"Wewe kaanga. Hayo mafuta yako yana umri wa mtoto wa nasari."

Kila kilichokatwa, Mukonyo hakukinakili. Mahali fulani Ndila alikuwa amepima kitu kile kile mara tatu, akapata 23.4, 23.9 na 23.5. Mukonyo aliona uzembe, kama soksi zisizofanana. Akaandika 23.4 mara tatu, zikapangana vizuri. Kufikia Jumapili mchana alikuwa amemaliza. Akalivika daftari karatasi ya kaki na kuandika jina la mtoto wake kwa herufi kubwa.

Ndila aliingia chapati zikianza kupata rangi. Alitua begi, akaliona daftari, akalifungua.

"Mwaitu, hiki ni nini?"

"Ni chako. Angalia kilivyo kisafi!"

"Kile kingine kiko wapi?"

"Kile kichafu?" Mukonyo alicheka. "Ndicho kimewasha jiko. Hizo chapati unazonusa zimepikwa nacho."

Ndila hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, akatoa zile karatasi mbili kwenye begi, akasoma maneno ya chini polepole. Andika papo hapo kwa kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja, kosa libaki likisomeka. Usichane ukurasa. Usinakili upya. Kitabu kilichonakiliwa hakitapokelewa.

"Mbona hukunisomea haya?" Mukonyo aliuliza.

"Mbona hukuningoja?"

Chapati iliungua mpaka Kulthum akaja kuitoa.

Jumatatu walienda Ruiru wote wawili. Mwalimu Wamalwa, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, aliwapa viti. Akafungua lile daftari, akageuza kurasa, akakomea kwenye 23.4.

"Ni nani ameandika hiki?"

"Ni mimi," Mukonyo alisema kabla Ndila hajafungua mdomo. "Mtoto hakuwa nyumbani. Cha kwake nilikichoma mwenyewe."

Mwalimu alimpa kalamu na karatasi aandike jina lake. Aliandika. Wamalwa akaliangalia jina, kisha akaliangalia daftari.

"Nimefundisha miaka mingi, mama. Sijaona mwandiko kama huu."

Na Mukonyo, mwanamke mzima, moyo ukamwinuka kama siku zile za Matuu. Uliinuka kwa pumzi moja tu. Mwalimu alilifunga daftari na kumsukumia.

"Lakini siwezi kulipokea. Mkono wa mtu haupimi mara tatu ukapata sawa hivi. Mimi nilitaka kuona alipokosea. Wodini muuguzi akikosea dawa, hilo kosa lililoandikwa ndilo linalomwokoa mgonjwa, kwa sababu daktari ataliona. Ukurasa msafi unazika watu."

"Basi kosa ni langu. Huyu hana hatia, na wewe unajua."

"Najua kwa sababu umeniambia. Kitabu hakijaniambia."

"Arudie hizo kazi leo. Nitangoja mlangoni hata kuwe giza. Nitawaoshea hizo chupa zote."

"Ni kazi nane, mama, za muhula mzima. Mtihani ni Alhamisi." Alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Atarudia muhula Januari, pamoja na wanafunzi wapya."

"Asante, mwalimu," Ndila alisema.

Nje, wenzake walikuwa wakipimwa sare za wodini. Emmah, sare ikiwa nusu mwilini, alipunga mkono. "Ndila! Kuja upimwe!"

"Endeleeni tu," Ndila akajibu. "Nakuja."

Mukonyo angependelea matusi. Angependelea mtoto amrushie sufuria, amwite mama mjinga wa darasa la nane, ili naye apate pa kushika na kugombana. Lakini Kulthum alipouliza mtihani ulikuwaje, Ndila alijibu kwamba hakuwa amejiandaa vizuri. Alijibebesha kosa la mama yake, akatembea nalo kimya, na kila alivyolibeba ndivyo Mukonyo alivyozidi kulemewa.

Januari Ndila alirudi na zile karatasi mbili, zile zile, tarehe tu ndiyo imebadilika.

"Nisomee zote," Mukonyo alisema.

Ndila alisoma zote, mstari kwa mstari, akafafanua kila neno kwa sauti taratibu kama anayemsomea mgonjwa. Alipomaliza alizikunja, akaziweka kwenye begi, akavuta zipu hadi mwisho. Begi hilo siku hizi halikai mezani. Linalala kitandani, upande wa ukutani.

Ijumaa ya pili alirudi na doa la kahawia kwenye mkono wa koti. Jumamosi asubuhi Mukonyo alikuwa ameshatoa beseni na kukata limau.

"Lete hilo koti."

"Liache tu, mwaitu. Nitalifua mwenyewe."

"Hilo doa hutaliweza."

"Nitaliweza." Hakukasirika. Hata alitabasamu. Kisha akachukua nusu ya limau, akachota maji yake, akaenda kuinama upande wa pili wa ua.

Mukonyo alisimama kidogo na nusu iliyobaki mkononi. Kisha akabeba ndoo yake, akaenda Section 9 kufua nguo za watoto wa watu.