Pikipiki Isiyosema Piki

Mwenye lojingi aliinua shuka mpaka puani, akavuta pumzi kama anayenusa pilau, kisha akaniuliza kwa upole, "Abayo, hizi mlizifua kwa sabuni au kwa petroli?"

Abayo ni dada, kwa Kisomali, lugha ya kwao. Akiniita hivyo kwa kelele, mambo ni mazuri. Akiniita hivyo kwa upole, kuna shida. Nilishika pembe ya pili ya shuka nami nikanusa. Sabuni ilikuwepo. Jua la juu ya paa lilikuwepo. Lakini juu ya hayo yote, kama mgeni aliyekalia kitanda cha mwenyewe bila kuvua viatu, ulikuwepo moshi wa pikipiki ya mume wangu.

"Mgeni wa jana ameniuliza kama chini ya kitanda kuna gereji," aliendelea. "Wallahi, gereji! Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Zikinuka tena, natafuta dobi mwingine."

Lojingi yake iko Eastleigh. Wageni wake ni wafanyabiashara wanaokuja kununua nguo za jumla, wanalala usiku mmoja au miwili, wanaondoka na marobota yao. Kila mgeni akiondoka, shuka zake huja kwangu. Bila lojingi hiyo ningebaki na mashati ya majirani na mapazia ya msimu wa Krismasi, na kwa mapazia ya Krismasi hakuna mtu aliyewahi kukaa Nairobi mwaka mzima. Nilirudi nyumbani nikiwaza neno moja tu: moshi.

Nieleze tulivyokuwa tumejipanga. Tunakaa kwenye ploti, jengo la mawe la kupanga lenye paa la saruji. Mimi nafua chini uani, naanika juu ya paa. Mume wangu anapeleka. Pikipiki yake ililala uani, chini kabisa ya kamba zangu, na kila asubuhi alipoiwasha, moshi ulipanda ngazi kunishinda mimi. Ulikuwa wa buluu. Jambo hilo lilikuwa likinichekesha na kuniudhi kwa pamoja, maana mimi pia natumia bluu, ile ya kusuuzia shuka nyeupe ili zing'ae. Nyumba moja, bluu mbili: moja inang'arisha, nyingine inangoja juu ya kamba.

"Ni baridi tu," mume wangu alizoea kusema. "Ikipata moto itaacha."

Ilikuwa ikipata moto tangu kifungua mimba wetu akiwa chekechea. Fundi alishasema ringi zimekwisha na injini inakunywa oili kama chai. Tena kapu la nguo lilikaa nyuma, juu ya ekzosi, lile bomba la moshi, hivyo shuka zilizoponea chupuchupu nyumbani zilifukizwa njiani. Nilijaribu kuzifunga kwenye karatasi ya plastiki. Zikanuka moshi na plastiki. Nilijaribu mkokoteni, zikafika na vumbi la barabara nzima. Mwenye mkokoteni akaniambia nisijali, vumbi halinuki.

Basi nikafanya ninachofanya nikikwama: nikaenda kuuliza maswali. Karibu na stendi yetu kuna kontena dogo ambapo waendesha pikipiki za umeme hubadilisha betri. Anaingia na betri iliyoisha, anatoka na iliyojaa, hata chai haijapoa. Nilisimama pale mpaka mhudumu, msichana mwenye glavu za mpira, akanionea huruma.

"Mathe, unatafuta mtu?"

"Natafuta harufu," nikamwambia. "Hii pikipiki inanuka wapi?"

Akacheka mpaka akaweka betri chini. "Haina hata pa kutolea harufu. Angalia."

Niliinama, nikachungulia chini, upande huu na upande ule. Hakuna ekzosi. Palipotakiwa kuwa na bomba hapakuwa na kitu, hewa tu, na kupitia hewa hiyo niliona viatu vya watu wakinishangaa. Nilisimama nikiwa nimeshaamua. Kampuni ilikodisha pikipiki hizo, unalipa polepole mpaka iwe yako. Nilipouliza masharti, msichana alisema moja kabla ya mengine yote: "Leseni kwanza. Leseni ya kweli, mathe."

Mume wangu ni mwendeshaji hodari. Anapita na kapu la shuka mahali paka angefikiri mara mbili. Lakini miaka yote hiyo aliendesha kwa leseni ya mdomo: akisimamishwa, anaongea. Anajua kuuliza hali ya watoto wa askari, anajua kulalamikia jua. Nilipomwambia kuhusu shule ya udereva alikasirika, kisha akakumbuka lojingi.

"Nikakae darasani na vitoto vya juzi, peke yangu?" alisema mwishowe. "Hapana. Twende wote."

"Mimi niende kufanya nini?"

"Kunisindikiza."

Ndivyo nilivyojiandikisha. Mpaka leo nasema sikwenda kusomea leseni. Nilikwenda kumsindikiza mtu.

Darasa lilikuwa chumba juu ya duka la vipuri, na wanafunzi wengi walikuwa vijana wa kupeleka vyakula, wenye simu mbili mbili. Walituita mathe na buda, yaani mama na baba, tangu siku ya kwanza. Mwalimu wetu, mtu mtaratibu aliyetafuna njugu kila wakati, siku moja alifundisha moshi. Moshi mweusi, alisema, petroli ni nyingi kuliko hewa. Halafu akauliza: wa buluu je?

Mume wangu akanyoosha mkono juu kama mtoto wa darasa la pili. "Inachoma oili! Ringi zimeisha!"

"Vizuri sana. Umejuaje?"

"Ni wangu," akasema kwa fahari.

"Basi, buda," kijana mmoja akasema kutoka nyuma, "ukipita kwetu uniambie nikaanue soksi."

Nilicheka kuliko wote. Hilo nililipia njiani kurudi: alitangulia hatua kumi mbele yangu kutoka stendi mpaka mlangoni.

Kilichomtisha kilikuwa bodi. Asiyewahi kufanya mtihani wa udereva hapa kwetu hawezi kuamini. Ni meza yenye mji mdogo uliochorwa juu yake: barabara, mzunguko, reli, hospitali, shule, kanisa, kituo cha petroli. Unapewa gari la kuchezea, unaambiwa toka hapa nenda pale, nawe unalisukuma kwa kidole huku ukieleza unachokifanya. Mtu aliyepita Eastleigh mchana wa Jumamosi na shuka za ghorofa nne anatetemeka mbele ya gari linaloweza kuingia kwenye kikombe.

Niliigeuza meza ya kupigia pasi kuwa mji. Foronya zilizokunjwa zikawa majumba, sahani ikawa mzunguko, kibanio cha nguo kikawa gari. Kila jioni alisukuma kibanio akisema, "Naangalia kioo, natoa ishara, naingia kushoto," na mimi nilikuwa askari. Akikosea, namwonyesha. Akirudia kukosea, nakichukua kibanio nakiendesha mwenyewe. Nilianza kukipenda kibanio kile. Nilijikuta naanika nguo nikisema kwa sauti, "Natoa ishara," na jirani wa paa la pili akisogea kando.

Kuendesha kwenyewe nilijifunzia kwenye kiwanja cha vumbi kule Baba Dogo, nyuma ya viwanda, kwa pikipiki ya shule. Mara ya kwanza nilipoachia klachi, kile kitu kiliruka kama mbuzi aliyeona kisu.

"Polepole!" mume wangu alipiga kelele akiwa ameshika kichwa. "Klachi si kamba ya nguo!"

"Ingekuwa kamba ningeijua!"

Kulikuwa na vigingi vya kupita katikati yake kwa kuzungukazunguka, na mwanzoni niliviangusha vyote, kimoja mara mbili. Hadi siku moja nikagundua kwamba nimekuwa nikifanya kazi hiyo miaka yote. Juu ya paa, ukiwa na beseni la nguo mbichi kichwani na kamba kila upande, huangalii miguu wala kamba. Unaangalia uwazi unaokwenda kupita. Nikainua macho, nikatazama uwazi, na pikipiki ikafuata macho. Kigingi cha kwanza, cha pili, cha mwisho, vyote vimesimama! Nilicheka peke yangu ndani ya kofia mpaka kioo chake kikapata ukungu, na ilibidi nisimame kwa kuwa sikuona tena mbele.

Siku ya mtihani mwezi wa mwenye lojingi ulikuwa karibu kwisha. Tulivaa vizuri, mimi raba mpya, yeye shati nililolipiga pasi mara mbili. Mtahini alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, asiyecheka, na sisi watahiniwa tulizunguka meza kama tuko msibani. Mume wangu aliitwa kabla yangu.

"Toka hospitali," mtahini alisema, "nenda shule."

Alianza vizuri. Aliangalia kioo ambacho hakipo, akatoa ishara ambayo haipo. Njia sahihi ilikuwa kushuka mpaka mzunguko, kuuzunguka, kisha kupanda. Nilikuwa nimemzungusha kwenye sahani ile mpaka sahani ikachubuka. Lakini nilimwona anatazama mzunguko ulivyo mbali, kisha anatazama shule ilivyo karibu, na nikaona uso wake ukibadilika, ule uso wa mtu aliyekumbuka kichochoro. Kidole kikakata kushoto, gari likapita moja kwa moja kati ya kanisa na kituo cha petroli, likafika shuleni.

"Nimefika," akasema.

Mtahini akavaa miwani. "Umepita wapi?"

"Hapa katikati, madam. Pana njia."

"Hapo ni nyasi."

"Ndiyo, madam." Akainama, akapaonyesha kwa heshima. "Lakini pamekanyagwa."

Na kweli palikuwa pamekanyagwa! Rangi ya kijani ilikuwa imebanduka mahali hapo hapo, mstari mwembamba, kutokana na mikono ya watu walioegemea meza miaka na miaka. Meza nzima ilipasuka kwa kicheko. Kijana wa soksi alilazimika kutoka nje. Hata mtahini alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu akiwa ametugeuzia mgongo, na mabega yake yalikuwa yakicheza. Kisha aligeuka, uso wake ukiwa umerudi mahali pake, akamwambia mume wangu arudie mtihani siku nyingine.

"Anayefuata."

Aliyefuata ni mimi. Nilikuwa bado na machozi ya kicheko, na pengine ndiyo yaliyoniokoa, kwani mtu anayecheka hana nafasi ya kuogopa. Nilikichukua kigari kama kibanio changu, nikakishusha mpaka mzunguko, nikauzunguka, nikakipandisha. Nje nilitazama uwazi na vigingi vyote vikabaki vimesimama. Jioni tulipoitwa, nilikuwa nimefaulu.

Tulitoka getini. Nilijua anachowaza, kwa sababu nami nilikuwa nikiwaza hicho hicho: pikipiki ya umeme ingetoka kwa jina langu.

"Sasa shuka atapeleka nani?" aliuliza.

"Mwenye leseni."

"Na mimi?"

"Wewe utashika mzigo."

Alisimama kando ya barabara, akanitazama juu mpaka chini, kisha akaanza kucheka, na alicheka mpaka mwenye kibanda cha miwa akamletea kiti.

Pikipiki ilikuja siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Jirani yetu auzaye mandazi getini alinitazama nikiiwasha, akangoja, akangoja zaidi.

"Imekataa kuwaka?"

"Imeshawaka, mama."

Alitega sikio. "Pikipiki iliitwa hivyo kwa vile inasema piki-piki-piki. Hii isiyosema kitu mtaiita nani?"

Mume wangu akapanda nyuma na furushi la shuka, tukaondoka, na barabarani nikaona swali lake si la mzaha. Hakuna aliyetusikia. Watu waliingia njiani mbele yangu kwa utulivu kabisa, kama vile nilikuwa kivuli. Kwenye kona ya kuingilia Eastleigh, mwanamume aliyebeba godoro kichwani alitukatiza, nikafunga breki, na nyuma yangu, kutoka juu ya furushi la shuka alilokuwa amelikumbatia, mume wangu alifungua kinywa akapiga kelele, "Piki-piki-piki-piki!"

Godoro liliruka pembeni. Mwenye godoro alitukana, akatuona, akacheka. Tangu hapo mume wangu hakunyamaza. Alisema piki-piki kwenye matuta, akaiongeza kwenye mlima, akaishusha tuliposimama. Alibadilisha gia kwa mdomo, yeye ambaye nyuma hana gia. Wauza nguo walitoka milangoni. Mimi nilikuwa nikiendesha huku tumbo linaniuma kwa kicheko, nikitazama uwazi tu, kwani ningemtazama yeye kwenye kioo tungeanguka sote na shuka.

Mwenye lojingi alikuwa akitungoja mlangoni. Alichomoa shuka ya katikati kabisa ya furushi, mwenye akili, akaizamisha pua. Alivuta mara moja. Akavuta tena.

"Abayo!" alipaza sauti, na kwa sauti hiyo nikajua. "Haina kitu! Inanuka hewa! Subiri, chukua na mapazia ya ghorofa zote."

Tulirudi tukiwa tumejaa mapazia. Tulipokaribia mzunguko nilihisi mume wangu akininong'oneza begani: "Kata kushoto hapo, kati ya duka la dawa na ule ukuta. Pamekanyagwa."

Nikaangalia kioo. Nikatoa ishara. Nikauzunguka mzunguko mzima, polepole, kama sahani ya nyumbani, naye nyuma yangu akiwa ameudhika kabisa, lakini akiendelea kusema piki-piki-piki kwa ajili ya usalama wa watu.