Barua Iliyonuka Ulanzi

Nakumbuka siku moja ya mvua, miaka ya hamsini, kaka yangu Vitalis aliondoka Igowole kwenda chuo cha ualimu na barua ya kuitwa iliyonuka pombe. Kaka hakuwa mnywaji. Aliyeitia harufu ile ni mimi, mdogo wake, na sikuitia kwa chuki.

Mwanangu, ngoja nirudi nyuma kidogo.

Kwetu tulizaliwa wawili tu. Kaka ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa mkaa juu ya kipande cha mwanzi, jioni baada ya kugema ulanzi, pombe ya mianzi. Unakata ncha ya mwanzi mchanga, unafunga chini yake kikombe cha mwanzi kiitwacho mbeta, utomvu unadondokea humo. Ilikuwa kazi ya wanaume, lakini kaka alikuwa anaondoka na baba mgongo ulimsumbua, basi nikapewa mimi. Wenzangu kisimani walinicheka. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," walisema, "na huyu hata hajasifiwa." Kicheko nilikivumilia. Kilichonishinda ni kule kuondoka kwake.

Barua ilisema aionyeshe mlangoni. Asiye nayo atarudishwa kwao. Kaka alinisomea mwenyewe kwa furaha, kumbe ananipa wazo. Alfajiri ya safari niliichukua darini, nikaiviringisha, nikaitia ndani ya mbeta kuukuu iliyokauka, nikaitundika katikati ya mianzi. Penye mbeta nyingi vile, nani angeitambua moja?

Lori la Mzee Salumu, mfanyabiashara wa Mbeya, lilipita kwetu mara moja kwa wiki. Lilipofika, mama alikuwa analia na baba anakung'uta mikeka.

"Barua haina miguu," baba alisema.

Mzee Salumu akachungulia dirishani. "Mimi nimepakia mahindi, jamani, sikuja matangani. Mwalimu wenu anapanda au hapandi?"

Kaka aligeuka. Alinitazama mimi, niliyekuwa nachora ardhi kwa kidole cha mguu. Kisha akaelekea kwenye mianzi peke yake, akarudi na barua mkononi.

"Niliisahau kwenye koti," alisema.

Baba alijua fika kwamba mwanawe hana koti. Akaikunja mikeka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na asubuhi ile kata zilikuwa tatu.

Alipokwisha kupanda, kaka aliinama kutoka juu ya magunia. "Skola, mwanzi unaukata kidogo kidogo. Ukiukata kwa hasira unakauka." Halafu akashusha sauti. "Na barua nyingine usiifiche. Iandike."

Lori likaondoka. Sikumwambia hata kwaheri.

Miaka mingi baadaye, mwalimu mmoja aliyesoma naye alinisimulia kwamba mkuu wa chuo aliinusa barua ile, akamsimamisha kaka nje ya mlango mpaka adhuhuri, akimhoji harufu imetoka wapi. Wakati huo mimi ni mtu mzima mwenye watoto, lakini jasho lilinitoka. Nusura nimzibie njia mtu niliyempenda kuliko wote, na ningeapa kwamba ni kwa sababu ya mapenzi.

Basi wewe unayebaki nyumbani mwenzako anapokwenda chuo, usimfichie kitu, usimnunie, usijifanye mgonjwa. Mwambie utamkumbuka. Lia mbele yake ukiwa na machozi, si aibu, kisha mbebee mzigo mpaka barabarani. Lisilo budi hutendwa. Heri litendwe mkitazamana usoni. Nawe unayeondoka, hata lori likipiga honi, mtazame yule mdogo anayechora ardhi kwa kidole. Pengine ana jambo asiloweza kulisema.

Mungu awanyooshee njia mnaokwenda, na moto wa jikoni usiwazimikie mnaobaki.

Kaka sasa yuko Kihesa, macho yamepungua, mjukuu ndiye humsomea barua. Siku ile hatujawahi kuizungumza. Mwezi uliopita nilimwandikia kutoka hapa Uyole, nikaungama yote, nikamuuliza alimjibu nini mkuu wa chuo. Jibu bado halijafika.