Mwizi wa Dawa ya Mizizi

Kuna siku ambayo bado inanichanganya, mwanangu, ingawa mvi zimenijaa kichwani. Nilikuwa kijana, nikifanya kazi kwenye bustani ya miche hapa Kalemie, upande wa mto Lukuga. Tulikuwa tunaotesha matawi ya milimau kwa kuyamwagilia dawa ya mizizi, yaani ile homoni ambayo mmea hujitengenezea wenyewe, ila yetu ilikuja kwenye chupa. Mama Feza, mjane wa mvuvi, ndiye aliyeichanganya na maji.

Mwanzoni matawi yalitoa mizizi kama ndevu. Msimu uliofuata, tuta lile lile, dawa ile ile, hakuna kitu. Matawi yalikauka. Sikuelewa. Wazee husema usilolijua ni usiku wa giza. Mimi, humo gizani, nikanyoosha kidole.

"Mama Feza anapeleka dawa kwake, sisi anatuwekea maji matupu," nilisema mbele ya wote.

Mama alinitazama. "Weye mutoto, mimi njo mwizi? Mimi ndiye?" Akajifunga kitenge chake, akaenda zake.

Baadaye akaja mama mmoja agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, mtu mzima wa miwani minene. Alichemsha udongo wa tuta lile kwenye sufuria, ukapoa, akapanda matawi humo na kuyamwagilia dawa ya chupa ile ile. Wiki zikapita, mizizi ikatoka! Nikazidi kuchanganyikiwa.

"Mwizi yuko," akaniambia, "lakini ni vijidudu vya udongo, jicho halivioni. Ndani yavyo kuna jeni, maagizo ya kurithi. Jeni za kula homoni zilikuwa zimelala. Mulipoimwaga, zikaamka, na vijidudu vyenye jeni hizo vikashiba na kuzaana. Sasa vinaimaliza kabla tawi halijaonja. Nilipochemsha udongo, vilikufa, ndiyo maana mizizi ikatoka. Weye uliona wapi Mama Feza anaiba?"

Vitu vinalala na kuamka katika udongo niliokanyaga kila siku! Hata leo naelewa nusu tu.

Nilikwenda kwa Mama Feza, nikapiga magoti. Alinipa kiti, akanipakulia ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, akasema amesamehe. Kazini hakurudi. Alisamehe kweli? Sijui, mwanangu. Amekwisha kufariki, na swali limebaki kwangu.

Basi shika hili: jambo likikushinda, sema "sielewi," kisha lichunguze polepole. Usitafute mtu wa kuzibia ujinga wako, maana maji yakimwagika hayazoleki. Mungu akupe subira, aulinde ulimi wako, na siku utakapokosea, akuwahishe kwa uliyemuumiza angali anaweza kukujibu.