Jino la Msaga Unga

Msaga unga wa mtaani kwetu haamini macho. Kabla ya kusaga huchukua punje moja ya mahindi, akaing'ata kwa jino la pembeni, akatulia kama anayesikiliza redio, kisha akatoa hukumu: "Haya bado mabichi, mama, yarudishe juani." Hajawahi kukosea, na mwenyewe anajua. Asubuhi moja bibi mmoja alikuja kununua unga wa uji wa mjukuu wake, akauliza kama mahindi ya gunia lililokuwa kando ya mashine ni ya mbegu zilizochezewa maabarani. Msaga unga akang'ata punje, akang'ata na ya pili. Foleni nzima ikamtazama mdomo.

"Bibi, jino hili linajua unyevu, ukungu na dawa ya wadudu," akasema bila haya. "Hilo la maabara halilijui, na aliyeniuzia gunia nimemuuliza, naye hajui."

"Sasa mtoto ale nini?"

Akaingia ndani, akatoka na kikapu cha mahindi ya nyumbani kwake. "Haya kalima dada yangu. Mbegu huchagua mwenyewe, huzitundika juu ya moshi wa jiko mpaka msimu ufike." Akamsagia.

"Na sisi je?" akauliza wa nyuma.

"Dada yangu ana shamba moja tu, jamani, hayawatoshi wote. Anayeogopa ya gunia simlaumu."

Wawili wakaondoka na ndoo zao tupu. Akawaaga kwa upole, akawaulizia watoto, kisha akawasha mashine.